Mchoro wa netiweki umegeuka sahani ya tambi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi kompyuta kwenye hoteli moja huku Tanga, tuna ghorofa 4, kila ghorofa ina swichi yake (kile kiboksi cha kuunganisha vifaa vya netiweki, si ya taa), na kila moja imefungwa kwenye swichi kuu 2 ili moja ikizima nyingine ishike. Bosi kataka mchoro nikienda likizo mtu asihangaike, nikachora vyote, mpaka rauta, kamera na anwani za IP (zile namba za kila kifaa kwenye netiweki), ukurasa mmoja, jana kauangalia akaniuliza hizi ni tambi au nini. Nikabonyeza kile kitufe cha kupanga otomatiki kwenye programu ya kuchorea ndo kikavuruga kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole, hizo tambi wote tumeshazipika. Kile kitufe mara nyingi kinachukulia kila waya kama springi inayovuta na kila kifaa kinamsukuma mwenzake mpaka vitulie, wazo la mtaalamu wa kompyuta Peter Eades la mwaka 1984, na linafaa sana ukitaka kuona nani yuko kundi gani, ila chenyewe hakijui kwamba rauta ndo mlango wa intaneti na kamera ya getini ndo mwisho wa njia, kwa hiyo unakuta rauta imebanwa katikati ya kamera.

Shida yako naiona iko kwenye swichi kuu. Bila shaka umeziweka zote mbili juu na zile 4 za ghorofa chini, si ndiyo? Sasa hapo ukinyoosha mistari inakatana mara 6, hesabu mwenyewe, na hata uzihamishe kushoto kulia bado ni 6. Chukua swichi kuu moja uishushe chini, zile za ghorofa zibaki katikati kwenye mstari mmoja. Tambi zimeisha, hakuna mstari unaokata mwingine! Waya wa rauta kwenda swichi ya chini uuzungushe pembeni. Na hiyo sio urembo tu, mtafiti Helen Purchase aliwapima watu mwaka 1997 kwa michoro ya namna mbalimbali akakuta kinachowachanganya zaidi ni mistari kukatana.

Kamera usichore moja moja jamani, weka kiboksi kimoja chini ya swichi yake uandike idadi, mfano "kamera 9", basi. Anwani za IP zipe ukurasa wake. Wala usilazimishe mchoro ufanane na jengo, Harry Beck alipochora ramani ya treni za chini ya ardhi za London, iliyotoka 1933, umbali halisi aliutupa, akanyoosha njia zote, akabakiza mto Thames tu, na watu wakaielewa.

Ukimaliza mpe dada wa mapokezi, muulize swichi ya ghorofa ya 2 ikizima nini kitakatika. Akikutolea macho rudi mezani, na maandishi ukuze kidogo maana bosi wako kama ni wa umri wangu miwani anaisahau kwenye gari.