Moyo umetulia, je, dawa ya kuzuia damu kuganda iachwe?

Shikamooni. Mama ana miaka 70, ana presha, na mapigo ya moyo wake hayana mpangilio. Anameza bisoprololi na warfarini. Sasa moyo haumwendi mbio tena. Aache warfarini? (Newala)

Marahaba. Asiache! Dawa hizo zina kazi mbili tofauti. Bisoprololi inapunguza kasi ya mapigo, lakini haizuii damu kuganda; hiyo ni kazi ya warfarini. Kwa hitilafu hii vyumba vya juu vya moyo havikamui damu vizuri, vinatetemeka tu. Damu inatuama, hasa kwenye kijifuko kilichojitokeza kwenye chumba cha juu cha kushoto, na hapo donge hujengeka bila mgonjwa kuhisi chochote. Likichomoka likapanda kwenye ubongo, ni kiharusi.

Hata mapigo yakirudi sawa, kinachoamua kama warfarini iendelee ni hatari alizonazo mtu: umri wa miaka 65 na kuendelea, presha, kisukari, moyo kushindwa kusukuma damu, au kuwahi kupata kiharusi. Mama yako tayari anazo mbili. Ukimwona mdomo umekwenda upande, mkono umelegea au maneno hayaeleweki, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hali imepita baada ya dakika chache.

Niliambiwa nisile kisamvu wala matembele. Huku Masasi nitakula nini?

Kula. Katazo hilo linawatesa watu bure. Mboga za kijani zina vitamini K, ambayo inapunguza nguvu ya warfarini, na dozi yako hupangwa kulingana na unavyokula. Shida ni kuyumba: wiki nzima ugali na samaki, halafu siku nne mfululizo kisamvu mchana na usiku. Kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Mboga zikiongezeka sana msimu wa mvua, mwambie daktari, kipimo kirudiwe mapema.

Kipimo chenyewe ni INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Kwa wagonjwa wengi wa mapigo yasiyo na mpangilio inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Chini ya 2 kinga ni ndogo. Kadiri inavyopanda juu ya 3, hatari ya kutoka damu inaongezeka. Mwanzoni hupimwa kila baada ya siku chache, ikishatulia mara nyingi ni kila mwezi. Kabla ya kupanda gari kwenda hospitali ya Ndanda au Ligula, piga simu uulize kama kipimo kipo siku hiyo.

Vidonge navyo, soma miligramu kwenye pakiti, usikariri rangi, maana viwanda hutofautiana. Umesahau dozi ya jioni? Meza ukikumbuka kabla ya kulala. Ukikumbuka kesho yake, endelea na dozi ya kawaida, usimeze mbili.

Baada ya kuokota korosho mgongo unauma, duka la dawa wananipa diklofenaki. Ni sawa na warfarini?

Si sawa. Diklofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo, na kwa mtu wa warfarini kidonda kidogo kinaweza kumwaga damu nyingi. Aspirini usijiongezee, wala haichukui nafasi ya warfarini. Tumia Panadol, ukihitaji kila siku kwa siku kadhaa, pima INR.

Mwambie muuzaji unameza warfarini kabla hajakupa chochote. Flagyl, Septrin na flukonazoli ya fangasi huipandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au kugonga kichwa hata bila jeraha: nenda hospitali.

Uraka kidogo msimu wa mabibo?

Ni pombe. Kunywa kwa wingi kunaweza kuamsha mapigo hayo na kuvuruga INR. Tunashauri uache.

Kuna dawa mpya zisizohitaji INR. Nihamie huko? (Lindi)

Apiksabani na rivaroksabani zinawafaa wengi, ila hupimwa figo kwanza. Rivaroksabani humezwa na chakula, mara moja kwa siku. Apiksabani mara mbili. Nguvu za dawa hizi mbili huisha ndani ya siku moja hivi, kwa hiyo anayeruka dozi hubaki bila kinga haraka.

Lakini kama mlango wa moyo wa kushoto umebana kutokana na homa ya baridi yabisi, au umewekewa mlango wa chuma, baki na warfarini. Wengi wa kundi hili ni akina mama vijana: ukipanga kubeba mimba, muone daktari kabla, kwa kuwa warfarini inaweza kumdhuru mtoto tangu wiki za mwanzo.