Maswali ya Wasomaji: Je, Utani wa Marehemu Usomwe Kwenye Arobaini?

SWALI: Ndugu Mhariri, baba yetu, aliyekuwa fundi wa mabehewa hapa Tabora hadi alipostaafu, ametutoka, na familia inajiandaa kwa arobaini yake. Siku ya mazishi kaka yetu mkubwa alisoma wasifu uliotaja mahali alipozaliwa marehemu, shule aliyosoma, ajira yake, ugonjwa, na idadi ya watoto na wajukuu aliowaacha. Watu walipotawanyika, mwanangu aliniuliza yule aliyesomwa alikuwa babu yupi, kwa sababu babu anayemjua yeye ni yule aliyekuwa akimsalimu “Mwadila”, salamu ya jioni, kila alipochelewa kuamka. Sasa nimepewa kazi ya kuandaa maneno ya arobaini, nami ningependa kuweka humo vichekesho vyake, lakini kaka hataki. Anasema kwamba lile jibu alilompa muuguzi wodini ndilo uchuro mtupu: alipoulizwa anaendeleaje, baba alijibu, “Niko stesheni, mwanangu. Tiketi ninayo, treni ndiyo imechelewa.” Je, nifuate ushauri wake?
Binti wa marehemu, Isevya, Tabora

JIBU: Pokea pole zetu, wewe na familia nzima. Kaka yako alifanya lililompasa. Wasifu wa makaburini husomwa juani, mbele ya watu waliosimama, na kazi yake ni kumtambulisha marehemu kwa wale wasiomfahamu. Arobaini ni shughuli ya watu waliomfahamu, ambao wamekaa na wana nafasi ya kusikiliza, na mbele ya watu hao mzee mcheshi akisomwa bila ucheshi wake atakuwa amesomwa mtu mwingine, kama mwanao alivyokwisha kugundua.

Isitoshe, Unyamwezi si mahali ambapo kicheko msibani ni kitu kigeni. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya karne ya 19, wapagazi walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, hadi Bagamoyo, na mtani ana haki msibani ambayo ndugu wa damu hana: anaweza kuvaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, akadai fedha kabla ya kuruhusu jeneza lipite, na asipatikane wa kumkasirikia. Siku hizi watani wengi hukusanya noti na kuondoka, kazi ya kuigiza wakaiacha, na kwa maoni yetu hiyo ni hasara, kwa kuwa mtani hodari aliweza kumrudisha marehemu uani kwa dakika chache bila kusoma karatasi yoyote. Ikiwa baba yako alikuwa na mtani wa namna hiyo, mwalikeni mapema na mpeni nafasi kabla yako.

Unapoandika, sentensi kama “marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu” iache kabisa, maana imekwisha kusomwa kwa watu wengi ambao hawakumchekesha yeyote. Andika alichosema, alimwambia nani, na wapi. Pale ambapo wajukuu hawataelewa, tangulia kueleza kidogo. Kwa mfano, mzee wa reli aliyewatenganisha watoto wanaogombana kwa kusema, “Wewe Kigoma, wewe Mwanza, hapa tunaachana,” atawachekesha wenzake wa karakana mara moja, lakini mtoto aliyezoea basi atabaki ameduwaa mpaka aambiwe kwamba reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, na kwamba mabehewa ya safari hizo mbili yalikuwa yakitenganishwa hapo hapo Tabora, usiku au mchana, na mafundi kama babu yake. Kwa njia hiyo mjukuu atajua kazi ya babu vizuri kuliko alivyoijua kwa kusikia neno “fundi”. Wazee waliofanya naye kazi watafuteni sasa, nyumbani kwao, kabla ya siku yenyewe, kwa sababu mbele ya hadhira wengi wao watatoa pole tu na kukaa.

Si kila utani unafaa kusomwa. Baba mkwe akimwambia mkwewe kwamba ng'ombe wa mahari wamekwama Bukene, stesheni ya njia ya Mwanza, wakisubiri behewa, hilo ni lake yeye na mkwewe, na kama mkwe alilivumilia kwa heshima, haimaanishi kwamba atalifurahia likisomwa kwa kipaza sauti mbele ya wazazi wake. Kwa utani wa aina hiyo, mwulize mhusika kwanza, na akisita, uache.

Kuhusu stesheni na tiketi, tungeusoma. Uchuro ni neno baya mtu analomtamkia mwenzake, ilhali baba yako alijisemea mwenyewe, akiwa na akili timamu, na huenda alikuwa akiwatuliza nyinyi mliosimama kando ya kitanda. Hata hivyo, usiusome wewe. Mwombe kaka yako ausome, kwa kuwa ukitoka kinywani mwake hakuna mzee wa ukoo atakayenung'unika, naye akikataa, basi asimulie mtu mwingine aliyekuwepo wodini.

SWALI: Marehemu babu yangu wa Ujiji aliniita “mke wangu” hadi siku ya harusi yangu, alipodai arudishiwe gharama zake. Wanangu wanaokulia Dar es Salaam waliposikia nikisimulia hayo waliona aibu. Niwaeleze vipi?
Mjukuu, Kigoma

JIBU: Waambie kwamba mjukuu wa kike huitwa mke na wa kiume huitwa mume mwenza, na kwamba chini ya mzaha huo babu huweza kumwonya mjukuu kuhusu wachumba, ulevi na uvivu, mambo ambayo baba mzazi huona haya kuyazungumza na bintiye. Ukiona bado hawaelewi, na kama bibi yu hai, mwachie aeleze yeye. Wewe ulikuwa mke mwenzake, na bila shaka ana malalamiko yake.