Kabla hujachomeka chaja kwenye lori

Nafunga na kutengeneza umeme wa malori hapa Kizota, Dodoma. Wateja wangu ni magari ya njia ya kati, yale yanayopanda kutoka Dar na Morogoro, yanalala Kibaigwa au hapa mjini, kisha yanaelekea Manyoni, Singida na Nzega hadi Rusumo. Dereva mpya anafundishwa gia, breki na namna ya kupita mizani. Mambo ya kuchaji simu hafundishwi na mtu, na mimi huko ndiko ninakopata riziki.

Anza na volti. Gari dogo lina volti 12, lori lina 24, kwa sababu betri mbili za 12 zimeungwa chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Injini ikiwaka, alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri, inapandisha hadi karibu 28. Kwa hiyo chaja ya laita, ile ya kuchomeka kwenye tundu la dashibodi, uliyonunua kwa machinga, igeuze usome. Imeandikwa 12V peke yake? Usiichomeke. 12–24V inafaa, na inayofika 30 au 32 ni bora zaidi. Isiyo na maandishi yoyote mrudishie mwenyewe.

Kosa ninaloliona sana ni la friji ndogo au redio ya volti 12. Kijana anavuta waya kutoka betri moja kati ya zile mbili, kifaa kinafanya kazi safi, anajiona fundi. Tatizo ni kwamba alteneta inazichaji betri zote mbili kama kitu kimoja, haijui kuwa moja inakamuliwa. Ile inayobeba mzigo haijai. Mwenzake inazidishiwa chaji, inachemka na kukausha maji. Ukiweka mita unakuta moja iko juu ya 14, nyingine 13 na kidogo, injini ikiwa inaunguruma. Ikifika hapo mara nyingi bosi ananunua betri zote mbili, maana mpya haikai vizuri na iliyochoka. Dawa yake ni konveta ya kushusha 24 kuwa 12. Inaungwa kwenye betri zote mbili kwa pamoja, na bei yake haikaribii ya betri.

Sasa inveta, ile inayokupa soketi ya volti 230 kama ya nyumbani. Mdogo wangu, piga hesabu kwanza: gawa wati kwa 24 upate ampea. Inveta ya wati 300 ikifanya kazi yote inavuta ampea 12 na nusu, na ukiongeza umeme unaopotea kama joto unakaribia 14. Fyuzi ya laita kwenye malori mengi ni ya 10 au 15. Maana yake laita inatosha simu, tochi na labda laptopu. Birika la wati 1,500 linataka zaidi ya ampea 60. Hiyo inahitaji waya nene kutoka kwenye betri zenyewe, na fyuzi yake iwe karibu kabisa na betri, isiwe kule kwenye inveta, kwa sababu waya ukichunika njiani na kugusa chesisi, yaani chuma cha gari, kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina wa kukilinda. Mimi birika simfungii mtu. Chai ya Kibaigwa ipo usiku kucha.

Wiki chache zilizopita niliifungua dashibodi ya gari lililokuja na harufu ya plastiki. Fyuzi ya laita ilikuwa imeviringishwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Fyuzi yenyewe ilikuwa imekatika siku nyingi, ile karatasi ndiyo iliyokuwa ikipitisha umeme. Waya wa nyuma ulikuwa umebabuka na kugandana na wa taa za ndani, rangi hazitambuliki tena. Fyuzi ikikatika, tafuta kilichoikata, kisha rudisha ya ampea zilezile. Nunua za akiba, ni bei ya maandazi.

Usiku ndio wenye mtego. Ukilala na televisheni na friji vinavuta, usitegemee inveta ikuamshe. Nyingi hukata umeme volti zikishuka karibu 21, na hapo inajilinda yenyewe. Kufikia hapo betri zilishakosa nguvu ya kuzungusha stata ya kuwashia injini. Betri nzima zilizopumzika husoma 25 na nusu hivi. Zikifika 24.4 zimebaki kama nusu, zima kila kitu ulale. Mita ndogo ya kuchomeka kwenye laita itakuonyesha. Vifaa vinavyovuta umeme mwingi vichaji ukiwa barabarani, alteneta ikifanya kazi.

Mengine kwa kifupi. Inveta isikae chini ya godoro wala nyuma ya mablanketi, inahitaji hewa. Laita ifunike: sarafu ikidondokea ndani inaunganisha chanya na hasi, na vumbi la huku linajaa humo haraka; safisha kwa brashi kavu ukiwa umezima swichi kuu. Simu usiichajie juu ya dashibodi saa saba mchana kule Bahi, itapata moto na kukataa chaji, utadhani chaja imekufa. Na kama unaendesha tanki la mafuta, usifunge chochote kabla hujamuuliza mwajiri wako, na wakati wa kupakia au kushusha chomoa hata chaja ya simu.