Imeili zangu za ofa zinaishia kwa spamu, nimerogwa?

SWALI: Fundi hujambo? Nina ofisi ndogo ya kupangisha nyumba za likizo huku Diani. Juzi kati jamaa kaniuzia listi ya imeili kama elfu sita hivi, nikaichanganya na za wageni wangu wa zamani nikatuma ofa ya Desemba kwa mpigo. Sasa hata mgeni wangu wa miaka yote anasema imeili zangu anazikuta kwa spamu, na kuna mtu kanijibu eti atanishtaki. Kwa imeili tu? – Mama Nyumba, Diani

JIBU: Hujarogwa mama, ni hiyo listi. Watu hawakujui, hawajawahi kukuuliza kitu, ghafla unawaletea bei za nyumba, si watabonyeza tu ripoti spamu? Na kila anayebonyeza anahesabiwa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, malalamiko yakifika 3 kwa kila imeili 1,000 ushaharibu jina, na linaloharibika ni jina la domeni nzima (ile sehemu ya baada ya @ kwenye imeili yako), ndo maana hata huyo mgeni wako hakuoni. Ukizidi imeili 5,000 kwa siku kwa watu wa Gmail lazima pia uwe na SPF, DKIM na DMARC (ni mipangilio ya kuthibitisha imeili imetoka kwako kweli, aliyekutengenezea websaiti anazijua, mwambie aziweke) na linki ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja.

Huyo wa kukushtaki usimcheke. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 37, inataka mtu awe amekubali kabla hujatumia data yake kibiashara, na Kamishna wa Data anaweza kupiga faini mpaka shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Mjibu leo leo, muombe radhi, mwambie anwani yake uliitoa wapi, halafu mfute. Wengi wanapotoshwa na video za YouTube zinazosema tuma tu mpaka mtu akatae, hiyo ni sheria ya imeili ya Marekani, CAN-SPAM ya 2003 bana, huku kwetu kukubali kunatangulia.

Listi ya kununua futa yote, najua pesa inauma. Wageni wako wa kweli wabakishe, ila kwa fomu ya kubuki weka kisanduku cha kukubali ofa, na usikiweke tiki wewe mwenyewe. Linki ya kujitoa iweke ionekane, hawa wanaoificha chini kabisa kwa maandishi ya kijivu wanajiona wajanja kumbe asiyeiona anabonyeza spamu, na hiyo inakuumiza kuliko kumpoteza mtu mmoja ambaye hata hakuwa anakuja. Akijitoa, mtoe ndani ya siku mbili.

Na jamaa akirudi na listi ya Wajerumani na Wataliano usinunue, GDPR, sheria ya data ya Ulaya, inamfuata hata muuzaji aliye nje kama anauzia watu walioko kule.