Mchakamchaka bila kujikaza: anza na mikono

Ndugu uliyeuliza kwa nini unarudi nyumbani shingo imekauka na mabega yanawaka moto, ilhali unakimbia Jumamosi tu: mimi nilikuwa hivyo hivyo kwa karibu miaka miwili. Naishi Muyenga, hapa Kampala, ambako ukitoka getini tu ni mlima. Nilikuwa naupanda kwa kasi, meno nimeyauma, nikifika juu kichomi kimenibana ubavuni mpaka nainama.

Kilichonifumbua macho ni ufunguo. Nilizoea kukimbia na simu mkono wa kulia, ufunguo wa kushoto. Asubuhi moja nafika mlangoni, nafungua kiganja, naona meno ya ufunguo yamejichora kwenye ngozi, mekundu kabisa. Nusu saa nzima nilikuwa nimeubana bila kujua! Ngumi ikikazwa, mkono wote unakaza, bega linapanda kuelekea sikioni, na kifua kinakosa nafasi ya kuvuta hewa. Tangu siku hiyo simu inabaki nyumbani, ufunguo unakaa kwenye mfuko wenye zipu, na mikono naishika kana kwamba kila kiganja kina kifaranga. Kila nikipita kona, nashusha mabega na kutoa pumzi ndefu. Mwanzoni lazima ujikumbushe, baadaye mwili wenyewe unazoea.

Lakini hakuna mbinu itakayokulegeza kama mwendo umekuzidi. Mimi hukimbia na jirani yangu, mama mmoja mzaliwa wa Busia, na tunapiga soga la Kiswahili njia nzima. Nikishindwa kumaliza sentensi, napunguza. Mlima ukiwa mkali natembea kabisa, na sioni haya, kwani kukimbia mara moja kwa wiki hakuujengi mwili kama wa mtu wa kila siku. Kampala nayo iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgeni kutoka Mombasa asishangae pumzi ikimwishia mapema.

Hatua, zifupishe. Ukitupa mguu mbali mbele, kisigino kinagonga ardhi kama breki, na goti ndilo linalobeba adhabu. Mguu utue karibu chini ya kiwiliwili chako. Kwenye mteremko, hasa zile barabara za marram zenye changarawe, ndipo nilipoumia zaidi: nilikuwa najizuia kwa mapaja, kesho yake kushuka ngazi ni shida. Sasa nashuka kwa hatua ndogo ndogo za haraka, nikisikiliza nyayo. Zikipiga kishindo, najua nimeanza kujikaza tena.

Tafuta video ya mkimbiaji wetu wa Uganda, Joshua Cheptegei, akivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Monaco, Agosti 2020, kwa dakika 12 na sekunde 35.36. Hiyo ni kama dakika mbili na nusu kwa kila kilomita. Miguu yake usiiige. Tazama mabega na mikono.

Kama maumivu yako ni ya goti au ugoko na hayaishi hata ukipumzika, hayo mpelekee daktari. Ila kwa shingo, Jumamosi hii jaribu mikono peke yake, mengine yasubiri, halafu urudi utuambie umeamkaje Jumapili.