Ukienda msitu wa mvua, tafuta mkuyu wenye matunda ukae hapo hapo

Watu wengi wanaingia msitu wa mvua wakitegemea kuona wanyama kama wanavyoonekana mbugani, wanatembea mbio mbio kutwa nzima, halafu wanatoka hoi wanasema mle hamna kitu. Wanyama wapo, tena wengi sana, ila sehemu kubwa wanaishi juu kabisa kwenye matawi, na mwanga wa jua unaofika chini ni kama asilimia 2 tu, kwahiyo wewe huwaoni ila wao wameshakusikia kitambo.

Ushauri ninaouamini kuliko yote ni huu: muulize mwongozaji wako wapi kuna mkuyu unaozaa sasa hivi, mfike alfajiri, mkae kimya. Mikuyu na ndugu zake iko zaidi ya aina 750 duniani na haizai kwa mpigo, huu unamaliza ule unaanza, ndo maana matunda mengine yakiadimika wanyama wanakimbilia huko. Mi nilikaa chini ya mmoja, mwanzoni ni matunda tu yanadondoka kwenye majani makavu, tap, tap, halafu nikasikia mvumo mzito wa mabawa hata kabla sijaona kitu, kumbe hondohondo anakuja kutua, baadae kima wakafika kundi zima wakawa wanang'ata tunda mara moja wanatupa wanachukua lingine, uharibifu mtupu, ila hayo wanayotupa ndo riziki ya walioko chini.

Hebu okota moja ulipasue. Mara nyingi utakuta ndani vinyigu vidogo mno, ndo vinavyochavusha maua yaliyojificha humo ndani ya tunda, na karibu kila aina ya mkuyu ina kinyigu chake. Mi hapo huwa nasahau hata kupiga picha, aisee.

Darubini chukua 8x42, yaani inakuza mara 8 na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 42, usidanganyike na inayokuza zaidi. 10x42 inatikisika mkononi na picha yake ni hafifu zaidi, na msituni unachokosa ni mwanga, sio ukaribu.

Usiku toka pia, na mwongozaji lakini. Shika tochi usawa wa macho yako, sio kiunoni, hapo ndo macho ya wanyama yanakurudishia mwanga, hata buibui waliojaa kwenye majani utawaona wanameta. Vyura wasikilize kwanza, utahangaika kuwatafuta kwa macho. Na usishike shina lolote bila kuangalia, kuna miiba na kuna wadudu.

Mkikutana na msafara wa siafu sogea pembeni ila usikimbie ukaondoka, tulia uangalie ndege wanaoufuata, wanadaka panzi na wadudu wengine wanaokurupuka kuwakimbia hao siafu. Ukiwaona ndege wadogo wanahangaika chini chini sehemu moja, angalia miguu yako kwanza!

Kwenye misitu yenye sokwe naomba sana, kama una mafua au kikohozi usiingie, hata kama umeshalipia. Magonjwa yetu ya kifua yanawapata na yanawaua, mwambie mwongozaji mapema akupangie siku nyingine au akupeleke njia ya kuangalia ndege.