"Mbao za kijani" au "mbao mbichi"?

SWALI: Kaka yangu anaishi Uingereza, na kila mwisho wa juma huenda kwenye msitu mdogo wa rafiki yake, ambako huchonga vijiko, vigoda na miguu ya viti kutokana na miti waliyoikata siku hiyohiyo. Ameniandikia kwa Kiingereza maelezo ya kazi hiyo na kuniomba niyatafsiri ili wachongaji wa hapa Mwenge wayasome. Nimeandika hivi: "Tunafanya useremala wa kijani kwa mbao za kijani katika msitu wa kibinafsi." Mume wangu anasema hicho si Kiswahili. Je, ana haki? (Msomaji wa Sinza, Dar es Salaam)

JIBU: Mumeo ana haki. Kila neno la sentensi yako ni la Kiswahili, lakini mchongaji wa Mwenge akiisoma ataelewa jambo ambalo kaka yako hakulikusudia. Kwetu sisi, "kijani" ni rangi, kwa hiyo "mbao za kijani" ni mbao zilizopakwa rangi hiyo. Zaidi ya hapo, siku hizi tumezoea kusikia "uchumi wa kijani" na "nishati ya kijani", na kutokana na mazoea hayo "useremala wa kijani" utaeleweka kuwa ni useremala unaotunza mazingira. Huenda kazi ya kaka yako inayatunza kweli, lakini Kiingereza kinaposema "green wood", ambayo wewe umeitafsiri neno kwa neno, kinazungumzia hali ya mti wenyewe, yaani mti ambao haujakauka, na kwa hali hiyo Kiswahili kina kivumishi chake tangu zamani, nacho ni -bichi.

Kivumishi hiki kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu maana yake hubadilika kulingana na kinyume chake. Embe bichi ni lile ambalo halijawa bivu, nyama mbichi ni ile ambayo haijapikwa, na kuni mbichi ni zile ambazo hazijawa kavu. Kidonda huwa kibichi kabla hakijapona, na mzee mwenye nguvu zake husifiwa kwamba bado mbichi. Methali isemayo "samaki mkunje angali mbichi" tunaitumia kwa malezi ya watoto, lakini maana yake ya awali ndiyo hasa anayoitegemea fundi anayepinda ufito kuwa mgongo wa kiti: kinachokunjika ni kile ambacho bado kina maji yake. Angalia pia kwamba mbao kavu iliyonyeshewa na mvua hulowa, wala haiwi mbichi tena. Ubichi ni ule unyevu ambao mti ulikuwa nao tangu ulipokuwa umesimama, na ukishakauka haurudi.

Nadhani sehemu ya mkanganyiko imetokana na usemi "kijani kibichi", ambao sote tunautumia kwa rangi. Chimbuko la neno "kijani" ni jani, na jani likiwa bichi huwa na rangi hiyo. Ubichi wa jani umetupatia jina la rangi, lakini rangi haijapata kuwa jina la ubichi wa mti, ndiyo maana hatusemi "kuni za kijani".

Chunga pia upatanisho, kwa maana hapa wengi huteleza. Tunaandika mti mbichi na miti mibichi, gogo bichi na magogo mabichi, kijiti kibichi na vijiti vibichi, ubao mbichi na mbao mbichi. "Miti mbichi" na "magogo mbichi" husikika kila siku mitaani, lakini katika maandishi rasmi ni makosa, na sioni sababu ya kuyavumilia.

Kwa nini nimeshikilia sana neno hili? Ni kwa sababu maelezo yote ya kazi ya kaka yako yanalitegemea. Mti uliokatwa hupoteza kwanza maji yaliyomo ndani ya matundu ya nyuzi zake, na wakati huo hupungua uzito tu. Maji yakishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti uliokauka kabisa, kuta za nyuzi nazo huanza kukauka, na hapo ndipo mti unaposinyaa. (Nguo iliyofuliwa ikapungua tunasema imerudi, mti husinyaa au hunywea.) Tena hausinyai sawasawa pande zote: kwa kufuata mzunguko wa gogo husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kuelekea ganda, na kwa urefu ni kidogo mno. Kwa hiyo gogo bichi likiachwa zima hupata nyufa zinazoelekea kiini, na mguu wa kiti uliokerezwa (yaani uliochongwa huku ukizungushwa) ukiwa mbichi, hata kama ulikuwa mviringo kamili, ukikauka huwa na umbo la yai kidogo. Fundi wa mti mbichi haoni hilo kuwa hasara. Hukausha kwanza vijiti vya kuunganishia, huchonga ncha zake ziwe ndimi, kisha huzipachika kwenye matundu ya miguu ambayo bado ina ubichi kiasi. Mguu ukikauka, tundu hukaba ulimi, na kigoda hushikamana bila gundi wala msumari. Ukijaribu kutafsiri aya hiyo kwa neno "kijani", haitaeleweka kabisa.

Sasa tuje kwenye "mbao" na "useremala". Ubao ni kipande kilichochanwa kwa msumeno kikawa bapa, lakini kaka yako haanzi na mbao, bali na gogo. Kwa kitu chenyewe kinachotengenezea, Kiswahili husema "mti", kama tunavyosema mwiko wa mti au sahani ya mti. Seremala naye kwa kawaida huunganisha mbao zilizorandwa, kama wafanyavyo mafundi wa samani wa Keko, ambako mnunuzi wa mninga au mkongo mwenye busara huhakikisha kwanza kwamba mbao si mbichi, kwa kuwa kabati la mbao mbichi litapinda. Kazi ya kaka yako ni kuchonga kwa shoka, tezo na kisu, pamoja na kukereza. Jina linaloyabeba yote ni "ufundi wa mti mbichi". Mafundi wa Pwani hawatalishangaa, kwa sababu mtumbwi wa mwembe huchongwa hivyohivyo, gogo likiwa bado bichi na laini.

Kukereza nako kuna historia yake huko Uingereza. Katika misitu ya Chiltern Hills, karibu na mji wa High Wycombe, hadi katikati ya karne ya 20 walikuwapo wakereza waliotengeneza miguu ya viti papo hapo msituni na kuiuza kwa viwanda vya viti. Chombo chao kilikuwa ufito mrefu uliopindishwa kwa juu, na kamba iliyofungwa kwenye ncha ya ufito, ikazungushwa kwenye kipande cha mti na kushuka hadi kwenye ubao wa kukanyagia. Fundi akikanyaga, kipande huzunguka kumwelekea naye hukata kwa patasi. Akiinua mguu, ufito huivuta kamba irudi.

Kitenzi "kupasua" kinahitaji msaada. Dar es Salaam "kupasua mbao" ni kuzichana kwa msumeno, ilhali kaka yako hupasua gogo kwa kabari ili lifuate nyuzi zake. Ukiandika "kupasua kwa kabari", shaka itaondoka.

Jihadhari vilevile na "mti mbichi" peke yake mbele ya kitenzi "kukata". Maafisa misitu wanaposema tusikate miti mibichi kwa ajili ya mkaa, wanakusudia miti iliyo hai. Ukianza maelezo yako kwa "tunakata miti mibichi", kaka yako ataonekana mharibifu. "Magogo mabichi" ni salama zaidi, kwani gogo limekwisha kuanguka.

Kuhusu "msitu wa kibinafsi", Wakenya husema "shule ya kibinafsi" na wanaelewana, nami siwakosoi. Hapa Tanzania desturi ni "binafsi" bila ki-: sekta binafsi, shule binafsi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ya Tanzania Bara hutofautisha misitu ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Kiambishi ki- huleta maana ya namna au tabia, kama katika "kitoto", na "kibinafsi" kwa masikio ya wengi wetu huelekea kwenye ubinafsi, yaani choyo, ilhali rafiki huyo amewakaribisha wenzake msituni mwake. Usiuite pori, kwa sababu pori halina mtunzaji, wala miombo, ambayo ni miti ya kwetu. "Msitu mdogo wa rafiki yangu" inatosha.

Kwa hiyo ningeandika: "Tunafanya ufundi wa mti mbichi katika msitu mdogo wa rafiki yangu. Tunapasua magogo mabichi kwa kabari, kisha tunachonga na kukereza kwa mikono vijiko, vigoda na miguu ya viti kabla mti haujakauka." Kama maelezo yake yanataja pia vijiti vinavyochipua kwenye visiki, usiviite vyote "matawi". Wauza mikoko wa Pwani wana majina ya miti kwa unene wake, kuanzia fito na pau hadi mazio, boriti na nguzo, na hayo wachongaji wako watayaelewa mara moja.